Mguu wa Mtu Asiyetajwa

Gereza la Ironwood Gap
Februari 3, 2014

Dada Valda,

Nimefika, nimepewa ofisi, na ofisi ina mlango wenye jina langu. Makao makuu walimtuma fundi na kibao cha shaba: CORALIE NAMPIJINPA DABB, MKUU WA AFYA YA WENYEJI WA ASILI. Niliwasisitizia jina la katikati lisisahaulike, maana ndilo jina la udugu ulilonipa wewe, likanifanya dada yako, tulipokuwa tukifanya kazi pamoja zahanati ya Emu Bore, ukasema mtu asiye na jina huko kwenu ni kama mbwa wa dukani, hajulikani ni wa nani. Nimeliweka mlangoni, nimeliweka kwenye beji, na liko chini ya picha yangu kubwa waliyoibandika uani ambamo natabasamu kama mgombea ubunge. Kwa mtoto wa pwani ya kusini, ambaye bibi yake alichapwa viboko kwa kusema lugha yake mpaka akaiacha, kutembea na jina kama hilo kifuani si jambo dogo.

Zahanati niliyoikuta ilikuwa hivi: askari kasimama ndani, mlango wazi, na mtu mzima anaulizwa mbele ya foleni kama anakojoa vizuri. Nimemtoa askari nje. Nimeleta mkalimani. Nimeweka viti viwiliviwili ili mgonjwa aje na ndugu yake. Kila asubuhi nasimama mlangoni mwenyewe na kumpa mkono kila anayeingia. Wanakuja, dada. Kuna mzee mmoja, Japanangka, ana meno matatu na miaka ya kutosha kuwa baba yangu, naye kwa hilo jina langu ananiita mama. Nikamwambia, "Mzee, mimi ningekuzaa lini?" Akasema, "Ulichelewa tu, mama."

Ila yuko mmoja anayenitoa usingizini. Jina silitaji, kazi yangu hainiruhusu. Ana kisukari, na ana kidonda chini ya mguu. Kabla sijaja alikuwa akienda bila matata kwa Glenys, muuguzi wa kizungu anayefunga bandeji kama mtu anayefunga godoro juu ya gari, na anayewaita wote "mpenzi". Glenys kahamishwa, nikaja mimi, na huyu bwana haji tena. Anafika kwenye kona, anaona mlango, anageuka. Askari Kemp anaandika: amekataa matibabu. Nikamuuliza, "Umemuuliza kwa nini?" Akanijibu, "Bibie, hapa watu wanakataa tu. Hilo 'kwa nini' ni la mahakamani."

Glenys alimwendea. Mimi mweusi mwenzake ananikimbia. Niambie nakosea wapi.

Huku chai ni ya vumbi na maziwa ni ya unga. Nihurumie.

Coralie


Emu Bore
Februari 20

Mdogo wangu Nampijinpa,

Barua yako ilishuka na ndege ya posta, pamoja na spea ya pampu na keki ya mtu ambayo rubani aliikalia. Mnara wa simu bado umelala tangu ile dhoruba. Watu wamegundua upya kwamba wana miguu, na umbeya sasa unafika ukiwa na maelezo kamili, maana aliyeuleta katembea nao.

Hilo la picha uani limenifurahisha. Mimi picha yangu iliyoko zahanati ya hapa watoto waliichora masharubu, na wagonjwa wapya wanasema nimefanana.

Sasa huyo bwana wako. Mwanaume akiugua anarudi utotoni, isipokuwa mtoto ukimwita anakuja. Wewe unamngoja mlangoni kama karani wa benki. Mfuate aliko! Kaa chini, kwenye udongo, karibu naye, usiwe na haraka. Mwambie wewe ni nani, dada yako nani, na jina nani alikupa. Akishasikia Nampijinpa wa Emu Bore, atajua wewe ni wa watu, na moyo utamtulia. Akikimbia leo, rudi kesho. Mimi ndivyo ninavyofanya, na hakuna aliyewahi kunishinda, ukiacha wale ambao haifai niwafuate, na hao unawajua.

Hapa tu wazima. Binti yangu Leanora amerudi kulala kwangu. Yule anayempikia yuko huko kwenu, nadhani unajua. Simuulizii, na wewe usinieleze. Ya kwake Leanora atauliza mwenyewe. Anatafuta gari la kumpeleka mwezi ujao, mwendo wa siku nzima ya vumbi, na amekwisha anza kuchana nywele.

Timu yetu imefungwa tena. Refa ni binamu yetu, kwa hiyo hatuna hata wa kumlaumu.

Dada yako mwenye masharubu,
Valda


Ironwood Gap
Machi 6

Dada,

Nimefanya ulivyosema, neno kwa neno, na nimeharibu.

Kwanza, pole kwa habari za mume wa Leanora. Naelewa usivyotaka kumtaja. Jela ni aibu ya nyumba nzima. Hata kwetu, mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mjomba "kapata kazi kaskazini", na ile kazi ilikuwa na ukuta. Sitamtafuta wala kumuulizia, nisije nikakuaibisha.

Sasa nisikilize. Nilikwenda uani asubuhi, bila Kemp. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta anakula tofaa, mguu kaunyoosha. Nikakaa udongoni, karibu kiasi cha kunusa ile bandeji yake, na harufu yake si nzuri. Nikasema polepole, "Naitwa Nampijinpa. Dada yangu ni Valda wa Emu Bore. Nimekuja kwa ajili yako."

Tofaa lilimdondoka. Akavuta taulo, akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta na kujikunja kama mtu aliyemwagiwa maji. Waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini. Mzee Japanangka alianza kucheka, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikadhani yule bwana analia, nikamsogelea zaidi, nikamshika bega.

Dada, alikimbia. Kwa mguu ule! Aliacha damu kwenye saruji mpaka mlangoni mwa seli. Kemp akapuliza filimbi, na bwana akaandikiwa makosa mawili: kumdharau mfanyakazi, na kukimbia. Wamemnyima wageni mwezi mzima. Nilimwambia mkuu wa gereza, Bwana Haldane, kwamba mimi sijadharauliwa. Akasema taratibu ni taratibu, akaninyooshea sahani ya biskuti.

Nikamwita Japanangka. "Nimemkosea nini yule?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Mama, mimi ni mwanao. Mtoto hamwambii mama yake mambo hayo."

"Mambo gani?"

"Hayo hayo."

Kisha akaomba dawa ya kikohozi, naye hakohoi.

Daktari alikwenda kumwona kwenye seli. Bwana alikubali kutazamwa, ila zahanati hakanyagi. Daktari anasema kidonda kinaelekea kwenye mfupa. Kinahitaji kusafishwa na kufungwa vizuri kila siku, zahanati, si kwenye seli yenye choo miguuni. Bila hivyo, kabla ya baridi kuanza atapelekwa mjini na kurudi hana mguu kuanzia chini ya goti. Nilimfuata tena jana. Alijifunika tena. Kesho nitarudi, sitamwacha.

Coralie


Kwenye gari, barabara ya kutoka Ironwood Gap
Machi 19

Mama mdogo,

Shikamoo. Usirudi kwake. Nakuomba, popote unaposomea barua hii, kaa hapo hapo ulipo.

Barua yako kwa mama ilifika siku moja kabla hatujaondoka. Mama alicheka ile ya tofaa mpaka akashika meza, akanipa na mimi niisome njiani nichangamke. Nilicheka. Nilimsomea dereva, naye akacheka. Tukafika getini, nimevaa gauni langu la maua, askari akafungua daftari akasema, "Huyu hana wageni. Alimdharau muuguzi uani, akakimbia." Sikucheka tena.

Mama mdogo, huyo bwana wako ni mume wangu.

Yeye kwa jina la udugu ni Jupurrurla. Wewe ni Nampijinpa, mama yangu Nampijinpa, nyinyi ni dada. Wewe ni mama mkwe wake kama mama alivyo mama mkwe wake, hakuna pungufu. Mkwe hatazamwi usoni. Hasemezwi. Hukai naye kivuli kimoja. Tangu nimeolewa, mama hajaingia chumba alichomo, na akimwona barabarani mmoja wao anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Na hawa wawili wanaheshimiana kuliko watu wote wa Emu Bore! Wewe umemfuata alipokaa, ukamtajia jina lako, ukamshika bega. Mbele ya wanaume wote.

Glenys hakuwa mtu wa yeyote. Ndiyo maana aliweza kumshika mguu.

Mke wa mzee Japanangka nilimkuta getini, kaja kumwona mumewe. Aliniambia yanayosemwa huko ndani. Mume wangu anaamini umetumwa. Anasema, "Nimekosa nini mpaka nyumba ya mke wangu imlete mkwe anifedheheshe?" Anadhani tumemtupa. Wamemwambia kuhusu mguu, na anasema heri mguu uende kuliko kuingia mlango ule wenye jina lile.

Mimi siutaki uende. Namtaka arudi nao wote miwili. Vua hiyo beji, mama mdogo. Fanya chochote.

Mwanao,
Leanora Napanangka


Emu Bore
Machi 20

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa nyuma ya tangi la maji. Ndiko aibu ilikonipeleka, na sijaona sababu ya kutoka.

Mimi ndiye niliyekwambia umfuate. "Akikimbia, rudi kesho." Nimemtuma mkwe amfukuze mkwe uwanja mzima, kisha nikakaa mezani nikacheka tofaa lake. Leanora aliporudi na lile gauni lake, aliweka barua yako mbele yangu, akaweka kidole kwenye neno Nampijinpa, akaenda kulala.

Nilidhani unajua. Nilikufundisha nani ni mwanao, nani ni shangazi yako, nani unaweza kumtania mpaka kuhusu makalio yake. La wakwe sikukufundisha. Nilivyolelewa mimi halifundishwi, unalikuta mwilini, kama kufumba jicho inzi akija. Nikasahau kwamba nyinyi wa kusini mlinyang'anywa hata hayo ya mwilini.

Na sikumtaja si kwa sababu ya jela. Nusu ya Emu Bore imepita hapo kwenu, pamoja na mchungaji. Sikumtaja kwa sababu mimi simtaji. Wewe unaficha jina kwa sheria ya kazi, mimi kwa sheria ya nyumba, na katikati yetu mtu anaoza mguu.

Leanora kakwambia uvue beji. Ana uchungu, msamehe. Beji vua, picha bandua, lakini usidhani jina litatoka nayo. Ukimwambia sasa kwamba wewe si Nampijinpa, utakuwa umemkana yeye, umenikana mimi, na Japanangka atabaki yatima na meno yake matatu. Huwezi kuacha kuwa mkwe wake. Kuwa mkwe wake vizuri.

Kukaa mbali si kumwacha. Hilo ndilo Wazungu hawalielewi wakituona tunapishana. Mimi na yeye hatujawahi kusemezana, na miaka yote hii sijalala njaa yeye akiwa ameua kangaruu. Mambo yanapita kwa watu wa katikati. Tafuta mtu wa katikati, na ionekane wazi kwamba wewe huonekani.

Valda


Ironwood Gap
Aprili 24

Dada Valda,

Toka nyuma ya tangi. Nina mengi.

Barua zenu zilifika siku moja. Nilisoma ya Leanora, nikafunga ofisi, nikalibandua lile tabasamu langu uani kwa mikono yangu, Kemp akinitazama. "Umejichoka?" akauliza. Nikamwambia ndiyo.

Kisha nikaenda kwa Haldane. "Bwana mkuu, kinachomzuia yule mgonjwa asije zahanati ni mimi."

"Wewe ndiye tuliyekuleta ili waje."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo niwaandikie makao makuu kwamba mtaalamu wao wa huduma salama kwa wenyeji si salama?"

"Kwa wagonjwa wengine, si salama. Andika hivyohivyo. Au niandike mimi."

Akacheka, akaniangalia, akaacha kucheka. Nikamweleza habari ya wakwe. Nikamwambia yule mtu hakunidharau, alinipa heshima kubwa kuliko niliyowahi kupewa na mtu yeyote katika jengo hili, yeye akiwemo. "Alikukimbia kwa heshima?" "Kwa mguu unaooza, bwana mkuu. Wewe nani amewahi kukuheshimu hivyo?" Alifikiri kidogo. Nadhani alikuwa anamtafuta. Adhabu ikafutwa.

Nimeivunja ile kanuni yangu niliyojivunia, ya kila mtu kupokewa na mimi mlangoni. Nimemwomba Viliami, muuguzi kutoka visiwa vya Tonga aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya mjini, awe anakuja. Wote ambao kwa jina langu mimi ni mkwe wao wana saa yao, na saa hiyo mimi simo. Nilijiandaa kumweleza Viliami kwa kirefu. Akanikatiza: "Kwetu mimi na dada yangu hatukai chumba kimoja kutazama sinema. Niambie tu utajificha wapi." Nikamwambia kwenye stoo ya mashuka.

Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili hakuja. Nilikaa kwenye mashuka nasikia Viliami anavyosafisha vitu ambavyo tayari ni safi. Nikamwita Japanangka.

"Mwanangu, mwambie shemeji yako kwamba sikutumwa na nyumba ya mkewe. Nilitumwa na ujinga wangu. Mwambie nyumba yake inamtaka."

Mzee akakuna shingo. "Nitamwambia, mama. Lakini hilo la ujinga kila mtu alikwisha liona. Tuliogopa kukwambia, usije ukaona haya."

"Mlikuwa tayari akatwe mguu ili mimi nisione haya?"

"Wewe ni mama," akasema, kana kwamba hilo linatosha. Na kwake linatosha. Nimekaa na jibu hilo wiki nzima, sijui nilicheke au nilie. "Ila mama," akaongeza, "ukiondoka, uondoke kweli. Piga kelele. Watu wasikie umekwenda."

Kesho yake nikavuka uwanja na kapu la mashuka, naimba ule wimbo wa kanisani ambao wewe husema nauimba kwa sauti ya mbuzi mgonjwa. Wanaume walitazama pembeni kwa adabu. Nikafunga mlango wa stoo kwa nguvu, nikakaa. Baada ya muda nikasikia mwendo: mguu, kimya, mguu, kimya. Kiti kikalia. Na Viliami, Mungu ambariki, akaanza kuongea kwa sauti kubwa peke yake kama mtangazaji wa mpira: "Naona vidole viwili vyeusi. Kisigino kizima. Mfupa sijauona. Ningekuwa na mkubwa wangu hapa, ningemuuliza kama apelekwe hospitali leo." Nikagonga rafu mara moja. "Leo," akasema Viliami.

Walitaka kumpeleka peke yake. Nikapigana mpaka Japanangka akaruhusiwa kuwa naye, pingu na yote. Walikata vile vidole viwili. Mguu upo, dada. Mwambie Leanora mguu upo! Najua amekwisha ambiwa, mwambie tena kutoka kwangu.

Jana wakaja wakubwa wa makao makuu na mpiga picha, kumpiga picha mkuu wa afya akiwa na wagonjwa wake. Walikuja saa ile ile ya wakwe. "Yuko wapi mkuu?" "Yuko kazini," Viliami akasema. Mimi nilikuwa kati ya foronya, nimeziba pua nisipige chafya. Nilimsikia Haldane akiwaeleza habari ya mama mkwe na mkwe, tena kwa ufasaha na hisia. Huyu naye ana mkwe mahali.

Na jambo la mwisho. Leo Japanangka kaja, kakaa, kaangalia dari. "Kuna mtu anasema ile dawa ya njano inawasha."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Nimeibadilisha.

Coralie Nampijinpa


Emu Bore
Agosti 11

Mdogo wangu,

Simu imerudi, lakini nimeona hili nikuandikie, maana kwenye simu ungeniambia nirudie na mimi sirudii.

Amefika. Kila mtu amemwona isipokuwa mimi. Wanasema anachechemea, na kwamba akiulizwa vidole vimekwenda wapi anasema vimebaki kumalizia kifungo. Leanora anaimba akiosha vyombo, na sauti yake ni kama yako.

Nilimwambia kwamba unakuja kwangu Krismasi. Sikumwambia amwambie mtu.

Juzi nimetoka zahanati, nakuta vumbi la matofali nyumba nzima. Ukuta wa nyuma wa jiko umetobolewa, na kuna mlango mpya, fremu, bawaba, kila kitu, bado rangi mbichi. Kwa mlango wa mbele mtu akija ghafla mimi nilikuwa sina pa kutokea, hilo kila mtu analijua. Lakini huu ni mpana, mdogo wangu, kondoo wangepita na mchungaji wao. Nikamuuliza Leanora, "Mlango wote huu wa nini? Mimi nimenenepa hivyo?"

Akasema, "Kuna mtu kasema mtakuwa mnatoka wawili."

Valda